Usafi wa Mji na Ujira Wake

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi na kukiweka ndani yake kila kitu kwa kipimo. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake.

Amma baada ya hayo. Katika darsa yetu ya baada ya Magharibi tuliulizwa suala na kijana mmoja wa hapa Lamu, na suala lenyewe lilizusha maneno mengi hata adhana ya Isha ikatukuta hatujamaliza. Tumeona ni kheri tuliandike jawabu lake hapa, kwani wengi wa ndugu zetu wanalo jambo hili vifuani mwao na hawajapata mahali pa kulisema.

Khabari yenyewe ni hii. Watoto wa madrasa moja ya mjini walikuwa wakitoka kila Jumamosi asubuhi na magunia, wakiokota chupa na vipande vya plastiki ufuoni, kisha wakivipeleka kwa mnunuzi aliyekuwa akivipima kwa kilo na kuwalipa. Fedha zile ziliingia katika sanduku la madrasa, zikanunua misahafu, na zikatengeneza tangi la maji lililokuwa likivuja. Mzee mmoja katika watu wa msikiti akapinga. Akasema kuwa fedha za jaani haziingii katika nyumba ya Mungu, na kuwa mtoto anayesomeshwa Qur'ani hapelekwi kuchokora taka kama kunguru. Kabla ya ugomvi ule kuamuliwa, mnunuzi akaacha kununua. Hakueleza kwa nini. Alifunga mlango wake, na malipo ya wiki tatu hakuyatoa. Watoto wakayaweka magunia. Haukupita mwezi, ufuo ukarejea kama ulivyokuwa.

Ndipo kijana akatuuliza: Je, yafaa Muislamu kulipwa kwa kuusafisha mji wake? Na ikiwa yafaa, basi asipolipwa ana lawama akiacha?

Haya ni masuala mawili, na aliyeyaleta pamoja ana akili.

Twaanza na mzee wetu, kwa heshima zake zote. Plastiki si najisi. Ni kitu tohara, na kikiingiwa na uchafu huoshwa kikatoharika. Na kitu ambacho mwenyewe amekitupa, hana haja nacho tena wala hatakirudia, ni halali kwa mwenye kukiokota. Akikiuza ameuza mali yake, na thamani yake ni halali kama thamani ya samaki aliyevuliwa baharini. Kwa hivyo fedha zile hazikuwa na dosari yoyote, wala msahafu ulionunuliwa kwazo haukupungua heshima.

Lau mzee angalikuwa amesema juu ya mavi ya punda, angalikuwa na la kushika. Punda ndio magari yetu katika vichochoro hivi, na kinyesi chao, katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, ni najisi, na kuuza najisi hakusihi. Walakini maulamaa wa madhehebu haya haya wamejuzisha kuitia mbolea hiyo shambani, ijapokuwa kwa karaha, na wakaonyesha njia ya mwenye nayo kuiondolea mkono wake kwa malipo, bila ya kuita jambo hilo bei. Mahanafi wao wamejuzisha kuiuza. Basi hata huko mlango haukufungwa. Ajabu yetu ni kuwa hukumu hizi twazijua kwa moyo, na mbolea yenyewe twairuka kila siku njiani tukienda msikitini, na mashamba yako papo hapo nyuma ya mji yakililia mbolea.

Ama lile neno la kunguru, hilo lilituuma. Kumepokewa katika Bukhari na Muslim khabari ya mtu aliyekuwa akiufagia Msikiti wa Mtume s.a.w., na mapokezi mengine yasema alikuwa ni mwanamke mweusi. Alikufa, na Masahaba wakamzika bila ya kumpasha khabari Mtume, kana kwamba waliliona jambo lake ni dogo. Mtume akaulizia habari zake. Alipoambiwa amekufa, aliwalaumu kwa kutomjulisha, kisha akataka aonyeshwe kaburi lake, akaenda akamsalia pale kaburini. Ni mafaqihi wangapi wa zama zetu ambao wangalimwendea mfagiaji kaburini pake? Na kuondoa njiani kinachoudhi watu kumehesabiwa katika hadithi sahihi kuwa ni tanzu katika tanzu za imani. Mtoto anayeokota chupa iliyovunjika ufuoni ameshika tanzu hiyo kwa mkono wake, nasi tulio vibarazani tumeishika kwa ulimi.

Sasa twaja kwenye malipo. Serikali za zama hizi zikitaka watu wahifadhi ardhi na bahari hutumia njia mbili. Ya kwanza ni kukhofisha. Sote twakumbuka tarehe 28 Agosti 2017, ilipoanza kutumika hapa Kenya marufuku ya mifuko ya plastiki, na adhabu yake ikawekwa faini ya shilingi milioni 2 hata milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hata miaka 4. Maduka yote yalibadilika kwa siku chache. Njia ya pili ni kuvutia: kununua taka, kupunguza kodi ya mwenye kutumia nguvu za jua, kuwalipa wanakijiji kwa miti waliyoiacha isimame. Wako watu wanaodhani kuwa hii ya pili ni uzushi wa Wazungu, na kuwa kumpa mtu fedha ili atende jema ni kumnunua. Hao hawakusoma dini yao vizuri. Maulamaa wetu waziita njia hizi mbili tarhibu na targhibu, na Hafidh Al-Mundhiri, aliyefariki mwaka 1258, alitunga kitabu kizima cha hadithi na kukiita kwa majina hayo mawili.

Wala targhibu katika Uislamu si ya Akhera peke yake. Tazama mlango wa ihyaul-mawati katika vitabu vya fiqhi, yaani kuhuisha ardhi iliyokufa. Mtume s.a.w. amehukumu kuwa mwenye kuilima na kuihuisha ardhi isiyokuwa na mwenyewe, ndiye mwenye haki nayo zaidi. Hii ni nini, ila ni kivutio cha kidunia kilichowekwa na Sharia yenyewe ili ardhi iamirike? Na Sayyidna Umar r.a. akaongeza sharti la kuwazuia wajanja: mwenye kuizungushia mipaka ardhi na kuiacha bure, hana haki nayo baada ya miaka mitatu. Malipo yakafungamanishwa na kazi. Lau sharti hili lingetumika leo juu ya viwanja vilivyozungushiwa nyaya humu pwani, wangapi wangalibaki na kitu?

Na mifano iko karibu. Gazi, katika kaunti ya Kwale, ndugu zetu wa kijiji kile wameshika tangu mwaka 2013 kazi waliyoiita Mikoko Pamoja. Wanahifadhi hektari 117 za mikoko, na kupanda palipoharibika. Mikoko hunyonya hewa ya kaboni inayotokana na moshi wa viwanda na magari, na sehemu kubwa ya kaboni hiyo huifukia katika tope chini ya mizizi, nayo hukaa humo miaka mingi maadamu tope halikuchimbuliwa. Kiasi hicho hupimwa, hati zake huuzwa kwa watu wa nchi za mbali, na fedha hurudi kijijini zikaleta maji na kusaidia skuli. Hapa kwetu Lamu mikoko ni zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Na hapa hapa kwetu, mwaka 2018, mafundi wa majahazi walikichonga chombo kizima kwa plastiki iliyookotwa, yapata tani 10, wakakivika champali zilizotupwa, wakakiita Flipflopi, na mwaka 2019 kikasafiri hata Unguja. Wageni walikitazama rangi zake. Sisi twawatazama wale mafundi, waliochukua takataka wakazishika kwa ilimu waliyorithi ya kushika mbao.

Kuhusu hizo hati za kaboni tumeulizwa pia, na wengine wamesema ni kuuza hewa, na hewa haimilikiwi. Rai yetu ni kuwa hauzwi mtu hewa; hulipwa kwa kazi ya kuhifadhi iliyo na matokeo yenye kupimika, nayo yafanana na juala, ambayo ni ahadi ya malipo kwa mwenye kutimiza kazi maalumu. Tunaloliogopa liko kwingine. Lau mnunuzi analipa ili apate ruhusa ya kuzidisha moshi wake, basi amemkodi maskini amfagilie uwanja huku yeye akiendelea kutupa taka. Na tena, makaratasi hayo huletwa yameandikwa kwa lugha wasiyoijua wenye misitu. Sheria ya nchi iliyorekebishwa mwaka 2023 yataka katika miradi ya ardhi jamii ipate si chini ya asilimia 40 ya mapato ya kila mwaka baada ya gharama. Anayeletewa mkataba na auulize kwanza juu ya hiyo 40, na asitie kidole chake katika wino kabla ya kusomewa mkataba wote kwa lugha yake.

Basi suala la kwanza jawabu lake ni ndiyo: yafaa, na si aibu.

Donda liko katika suala la pili. Mnunuzi ameondoka, na ufuo umejaa tena. Nani aliyeujaza? Baadhi ya taka huletwa na mawimbi kutoka mbali, hilo ni kweli, lakini twazijua zetu na za watu. Chupa zenye majina ya maduka yetu hazikutoka Bara Hindi. Mtu akiacha kuokota kwa sababu halipwi, twaweza kumtafutia udhuru, kwani huenda alikuwa maskini na siku yake ina kazi nyingine. Lakini ni nani aliyekuwa akilipwa ili atupe? Kutupa twakufanya bure, kwa kujitolea, bila ya mfadhili.

Katika Sahihi ya Bukhari, Nuuman bin Bashir r.a. amesimulia mfano alioupiga Mtume s.a.w. wa watu waliogawana chombo kwa kura, wengine wakapata juu na wengine chini. Wa chini walipohitaji maji walipita kwa wenzao wa juu, kisha wakaona afadhali watoboe katika sehemu yao wasiwaudhi walio juu. Wakiachwa, wote watazama. Wakishikwa mikono, wote wataokoka. Sisi watu wa visiwa hatuhitaji kufasiriwa hadithi hii. Tuangalie maneno yao tu: sehemu yetu. Wala nia yao haikuwa mbaya. Walitaka kuwapunguzia wenzao udhia. Maji matamu ya mji wa Lamu ni mvua iliyochujwa na vilima vya mchanga vya Shela na kukusanyika chini yake, juu ya maji ya chumvi. Mwenye kujenga juu ya mchanga ule, na mwenye kutia pampu akavuta kupita kiasi hata chumvi ikapanda, kila mmoja asema: hiki ni kiwanja changu, nimekinunua. Kweli amekinunua. Naye yumo chomboni.

Na tusiwaseme wa Shela tukajisahau. Katika Ramadhani watu wenye kheri hutuletea msikitini futari na maji katika vichupa vidogo vya plastiki, Mungu awalipe. Kila mwenye kufunga hunywa chake mafunda matatu, akakiacha nusu, akasimama kusali. Baada ya Tarawehe ua wa msikiti ni mweupe kwa vichupa, na upepo hauna mwadhini wa kuungoja. Kabla ya alfajiri vingine vimekwisha fika baharini. Punda nao hula mifuko ya vyakula, na wanaowatibu wanayajua yaliyomo matumboni mwao. Mwanamke aliyemfunga paka hata akafa kwa njaa aliingia Motoni kwa ajili yake, kwa mujibu wa hadithi sahihi. Nasi hatujui tutajibu nini kwa punda aliyekufa kwa mabaki ya futari zetu. Na tukiri la kwetu kabisa: usiku tuliposomesha mlango huu wa usafi, mbele ya mwalimu palikuwa na chupa mbili za maji za kununua, na wanafunzi ndio waliotuonyesha.

Wazee wetu walikuwa na birika. Mwenye kutaka udhu alichota kwa kata, akajua amechota ngapi, na ndani ya birika mlikuwa na visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Leo mfereji hufunguliwa mwanzo wa udhu, na hufungwa, ukifungwa, baada ya mtu kumaliza kuongea na jirani yake. Anas r.a. amepokea kuwa Mtume s.a.w. alikuwa akitawadha kwa mudi moja, nayo ni kiasi cha viganja viwili vilivyojazwa, haifiki lita moja. Hadithi maarufu ya Saad, ya kukatazwa israfu ijapokuwa mtu yuko kwenye mto upitao, isnadi yake ina udhaifu, na twalisema hilo kwa kuwa ni amana ya ilimu. Lakini hukumu yenyewe haikutegemea hadithi hiyo, kwani Imamu Nawawi amenakili ijmai ya maulamaa juu ya kukatazwa israfu ya maji hata kwa aliye kando ya bahari. Maji ya udhu yakielekezwa kwenye minazi na mikungu badala ya mtaroni hayagharimu ila bomba moja. Kamati za misikiti zanunua mazulia kila baada ya miaka michache, na bomba hili hazijalinunua.

Limebaki neno juu ya wakata mikoko, nalo ni zito kwetu kuliko yote, kwani wamo katika safu zetu za Swala. Nyumba zote za kale za mji huu zimeezekwa kwa boriti zao. Majahazi yalikuwa yakizipeleka boriti hizo hata Ghuba, mpaka serikali ikakataza kuzipeleka nje mwaka 1982. Mwaka 2018 ukakatazwa ukataji wa miti katika misitu ya umma nchini, na khabari ikawafikia wakata mikoko wetu wakiwa na mashoka mikononi na watoto nyumbani. Sisi twaiunga mkono hifadhi ya mikoko. Samaki na kaa huzaliwa humo, na mwenye kuukata msitu hadi mwisho amekata na nyavu za wavuvi. Sayyidna Umar r.a., ilipofunguliwa Iraki na wapiganaji wakamtaka awagawie ardhi zake, alikataa, akauliza watapata nini watakaokuja baada yao, na hoja yake ilikuwa ni Sura ya Al-Hashri, pale wanapotajwa wenye kuja nyuma. Basi wajukuu wetu wana fungu katika mikoko hii kwa hoja ile ile.

Lakini Umar hakuwanyima watu ardhi na kuwaacha bure. Mapato ya ardhi ile aliyatia katika Baitulmali, na kutokana nayo watu wakapewa atia zao. Asiyeliona hili hakuisoma hadithi ya Umar ila nusu yake. Kumwambia mtu shoka ni haramu, kisha ukampita njiani ukienda kwenye mkutano wa kusifu msitu, si uadilifu. Na vivutio vingi tuvionavyo huwafikia walio navyo: mwenye hoteli hupunguziwa kodi ya mitambo yake ya jua, na mkata mikoko huletewa fulana yenye picha ya mti. Tukizungumza na wakubwa wa kaunti, na tutazungumza nao inshallah, hili ndilo la kwanza tutakalolisema: fungu la kwanza la fedha za hifadhi liwe la yule aliyeambiwa aweke shoka lake chini, apewe yeye kazi ya kupanda na kulinda, kwani hapana aujuaye msitu ule kumshinda.

Kijana wetu alingoja jawabu la suala lake la pili, nasi tulimjibu hivi. Asiyelipwa akaacha kuokota, hana dhambi maadamu wako wengine wanaotosheleza, kwani jambo hili ni faradhi ya kutoshelezana. Wasipokuwako, dhambi ni ya mji mzima, wenye kujua wakitangulia. Alipolisikia hilo alituuliza ni nani hivi sasa anayetosheleza. Hatukuwa na jina la kumtajia.

Kwa hivyo yamekubaliwa katika darsa mambo haya. Maji ya chupa hayaingii tena katika majlisi yetu. Utawekwa mtungi na vikombe vya kuoshwa. Ramadhani ijayo wenye kheri wataombwa walete maji kwa madumu. Na Jumamosi hii, baada ya Alfajiri, maji yakiwa yamekupwa, walimu na wanafunzi wa darsa watatoka pamoja na watoto wa madrasa kwenda ufuoni. Walimu mbele, wasije watoto wakadhani kuwa kazi hii ni ya watoto. Mzee wetu tulimwendea nyumbani tukamsomea khabari ya mfagia msikiti. Alinyamaza muda mrefu. Fedha za taka bado hataki ziingie katika sanduku la msikiti, na hilo tumemwachia, ziende za madrasa. Lakini ametoa ukumbi wa nyumba yake ya nyuma uwe ghala ya magunia hata apatikane wa kuyachukua.

Huyo mnunuzi tumesikia huenda akarudi. Akirudi atakuta mzigo umechambuliwa, chupa mbali na champali mbali. Nasi, kabla ya kumfungulia ghala, tutamdai kwanza malipo ya watoto ya zile wiki tatu.

Wabillahi ttaufiq.